Pikapu ya Juu, Tela la Chini

Mtaani walimwita Rubani. Jina lilianza siku alipoonekana kwa mara ya kwanza akipanda pikapu ya mumewe. Alikanyaga kigoda, akashika mpini wa ndani kwa mkono mmoja na kukusanya gauni kwa mkono wa pili, akajivuta juu, akafunga mlango. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, rubani kashaingia. Tusubiri iruke." Watu wakacheka, naye akacheka, na jina likaganda.

Pikapu hiyo ilifika nyumbani ikiwa ya kawaida. Mumewe ndiye aliyeinyanyua. Alibadilisha springi, akaweka tairi pana ajabu, akaongeza vyuma hapa na pale mpaka boneti ikamfikia mkewe kifuani. Kazi ya kuhitaji urefu huo haikuwepo. Alipenda tu kupita akiwatazama watu utosini. Kabla mwaka haujaisha akapata mkataba wa kazi nchi za mbali, na siku ya kuondoka, begi begani, aliaga hivi: "Nawaachia gari langu. Mama, angalia afya yako. Na wewe mke wangu, watunze wote wawili."

Mama yake, ambaye watu walimjua kwa jina la Mama Turubai, alikuwa akikodisha mahema na viti kwa wenye shughuli. Mzigo ulikwenda kwa tela lililofungwa nyuma ya pikapu. Dereva alipokosekana, mama mkwe akakumbuka kwamba mkwewe ni binti wa mwendesha trekta, na kwamba marehemu baba yake alimfundisha kushika usukani kabla hajajua kusuka nywele. Akamwomba asaidie juma lile tu, wakati mtu anatafutwa. Rubani wakati huo alikuwa mshonaji wa maturubai, ana cherehani yake ya kazi nzito na wateja wake wawili watatu. Aliifunika cherehani shuka, akashika usukani. Juma hilo lilikuwa sasa linaingia mwaka wa nne.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama ubavu wa pikapu. Mumewe ndiye aliyechagua gari liegeshwe hapo, ili mtu akiligusa mkewe asikie. Asubuhi akifungua pazia alikutana na tairi, na mwanga uliomfikia ulipita chini ya gari. Funguo ya geti ilikaa shingoni mwa mama mkwe. Gari lilitoka kwa kazi ya mahema tu. Dada yake mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, alipojifungua, Rubani aliomba kulitumia siku mbili. Mumewe akajibu kwamba gari si la matembezi. Usafiri mwingine ulikuwepo, lakini nani angeendesha siku ya shughuli? Akatuma salamu na nguo za mtoto.

Kila Jumapili jioni simu iliita, ya picha. Mume alimsalimia mama yake, akamwuliza mkewe habari za nyumbani, kisha akasema, "Haya, geuza simu nione." Rubani akatoka nje, akalizunguka gari polepole akimwonyesha: tairi la mbele, ubavu, taa, nyuma. "Hapo pana nini? Rudi kidogo. Sawa, ni tope tu." Kuna Jumapili alimaliza kuzunguka, akaigeuza simu kumwonyesha uso wake, akakuta ameshakata.

Sasa, tabu ilikuwa kwenye tela. Tela lilikuwa la chini, limetengenezwa zamani kwa gari la kimo cha kawaida. Chuma cha kuvutia kilichochomoza nyuma ya pikapu kilikuwa kimenyooka, na gari liliponyanyuliwa kikapanda nalo. Tela likifungwa hapo, shingo yake iliinuka na mkia wake ukainama. Mabomba ya mahema yaliteleza nyuma kila walipopanda mlima. Mzigo ukilemea mkia, shingo hubaki nyepesi, na tela lenye shingo nyepesi huanza kucheza. Kwenye mwendo wa kawaida Rubani alilihisi likimvuta kiuno huku na huku, mfano wa mtoto aliyeshika upindo wa gauni la mama yake. Na palikuwa na mlio, ko-ko-ko, wa chuma kugonga chuma, ambao wote walikuwa wameuzoea.

Alimwambia mumewe. Alimweleza kwamba kuna chuma kinachoshuka, umbo lake ni kama ngazi ya kidato kimoja, kinachochomekwa kwenye tundu lile lile la nyuma linaloshika chuma cha sasa, na kwamba kingelifanya tela lilale sawa.

"Nimelinyanyua gari likae juu," mumewe akasema, "wewe unataka kulining'inizia kitu chini kama ulimi wa mbwa? Likae nilivyoliacha."

Rubani akamgeukia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anahesabu vitambaa vya meza. "Gari ni la mwenyewe," akasema, bila kuinua macho.

Ikapita miezi. Rubani akajifunza kwenda taratibu, kupakia mabomba mbele, kukaza mabega. Alikuwa akirudi nyumbani shingo imekauka, akikaa ndani ya gari lililozimwa kwa muda kabla ya kushuka, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na kitu cha kuharakia.

Siku ya mkasa walikuwa wanatoka kuchukua mzigo kwenye arusi, mchana mweupe. Mama Turubai alikuwa pembeni yake, maana hakuwahi kuacha mahema yake yasafiri peke yake. Kumpandisha ilikuwa kazi ya watu wawili, kwa sababu ya nyonga zake mbovu, na yeye mwenyewe alipenda kusema kupanda mchongoma si kitu, kushuka ndiyo ngoma. Vijana wa arusini walipakia haraka haraka, mabomba yote nyuma. Rubani aliwaambia wayapange upya, mama mkwe akasema muda unakwenda, viti vinangojwa kwingine.

Barabara ilishuka kando ya machimbo ya mawe, upande mmoja ukuta wa udongo uliochongwa. Nusu ya mteremko tela likaanza. Kwanza kulia, kidogo. Kisha kushoto, zaidi. Kisha kulia tena, kwa nguvu, na mkia wa pikapu ukafuata. Mguu ulitaka kukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Akakumbuka sauti ya baba yake: tela likilewa usishindane nalo. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka, akangoja. Mama mkwe aliushika ubao wa mbele kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya chini, "Mwanangu. Mwanangu. Mwanangu."

Tela halikutulia. Mteremko ulikuwa mrefu na mzigo ulisukuma. Mwishowe lilijikunja kama kisu cha mfukoni, likaja kugonga ubavu wa kushoto, na pikapu ikasukumwa ukutani ikaburuza mpaka ikasimama. Viti viliendelea kudondoka kimoja kimoja hata baada ya kila kitu kingine kunyamaza.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Lakini mlango wa Rubani ulikuwa umebanwa na ukuta wa udongo, na wa mama mkwe ulifunguka upana wa kiganja tu, ukagota kwenye kona ya tela. Dirisha la upande wa tela lingeweza kumpitisha mtu mwembamba. Rubani akalitazama.

"Naweza kutoka hapo, mama," akasema. "Niende machimboni nikaite watu."

"Usiniache humu."

"Ni pale chini tu."

"Najua ni pale chini. Usiniache."

Akakaa. Mpita njia mmoja mwenye baiskeli alisimama, akasema ataita trekta la machimboni, lakini kabla ya kuondoka alitoa simu akawapiga picha. Jua liliingia kwenye kioo cha mbele. Chumba kile cha dereva, ambacho kwa nje kilionekana kirefu kama ghorofa, kwa ndani kilikuwa kidogo kuliko choo cha nyumbani. Magoti yao yalikuwa yanagusana. Mama mkwe alikuwa anatokwa jasho na Rubani alimpepea kwa kifuniko cha plastiki.

Trekta lilikuwa halijafika simu ya Rubani ilipoita, ya picha kama ya Jumapili. Picha ya yule mwenye baiskeli ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi la simu la mtaani, na kutoka mtaani imeshavuka bahari. Akaipandisha sauti, wote wasikie.

"Nimeona picha," mumewe akasema. "Limeumia wapi? Huo mlango wa kulia umebonyea?"

"Umebanwa na ukuta. Hatujajua bado."

"Na bampa? Nilikwambia mteremko ule ushuke na gia ndogo."

Mama Turubai akaichukua simu mkononi mwake. "Mimi nimo ndani," akasema.

"Najua, mama, nimekuona kwenye picha. Pole. Hebu mpe asogeze simu dirishani nione ubavu."

Mama mkwe akanyoosha kidole, akatafuta pa kubonyeza, akakosa, akamrudishia Rubani. "Izime."

Rubani akaizima. Mama mkwe akatazama kona ya tela iliyoziba mlango wake. Nzi akaingia dirishani, akatoka. Kisha akauliza, "Kile chuma ulichokuwa unakisema. Kinafananaje?"

Wakatolewa alasiri. Trekta lililivuta tela pembeni, na wanaume watatu wa machimboni walimbeba Mama Turubai mpaka chini, naye akiwaambia waangalie alivyo mzito, wasije wakamdondosha baada ya yeye kupona kwa Mungu. Usiku ule hakula.

Siku iliyofuata walikwenda kwenye duka la vipuri wakiwa wamefuatana, jambo ambalo halikuwa desturi yao. Mwuzaji aliwatolea chuma kirefu kilichoungwa kwa kuchomelewa, kinashuka sana, rangi nyeusi mpya. "Hiki ndicho cha magari marefu," akasema. "Kadiri kinavyoshuka ndivyo kizuri." Mama mkwe alikuwa ameshaanza kufungua pochi. Rubani alikipokea, akakigeuza. Mahali pa kuunganishia palikuwa pamevimba kama donda lililopona vibaya, na hapakuwa na mhuri wowote wa kusema kinabeba uzito gani. Akakirudisha juu ya meza. Alikuwa amevuta mzigo miaka minne kwa kuogopa. Hakutaka kununua woga mwingine.

Wakaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea aliyeitwa Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo alilokuwa akijibia kila kitu. Naye hakuwauzia kitu siku hiyo.

"Kapakieni kwanza," akasema. "Mzigo wenu wenyewe, jinsi mnavyokwenda nao. Halafu mje na mama akae mbele, kama siku zote."

"Na mimi napimwa?" Mama Turubai akauliza.

"Gari likibeba watu linashuka kidogo, mama. Taratibu. Tukipima tupu tutadanganyana."

Wakarudi wamepakia, mabomba yamesambazwa, mazito yakiwa mbele kidogo ya magurudumu. Bwana Taratibu alilifungua tela kutoka kwenye gari, akaliegemeza kwenye jeki juu ya sakafu iliyo sawa, akainua na kushusha mpaka kipimo cha maji chenye povu la hewa kikaonyesha limelala sawasawa. Rubani akashika futi ya chuma. Alipima kutoka sakafuni mpaka juu ya kikombe cha tela, kile kinachoivaa tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari. Kisha akaenda kwenye pikapu, akapima kutoka sakafuni mpaka sehemu ya juu ya ndani ya lile tundu la mraba. Akatoa hiki kwenye kile. Tofauti ilikuwa inchi nane.

"Basi inchi nane ndiyo shida yetu yote?" mama mkwe akauliza kutoka juu.

"Hiyo nusu," fundi akasema. Akachukua tufe ya zamani, akaitia ndani ya kikombe cha tela, akaitikisa. Ko-ko-ko. "Hii ni ndogo kwa kikombe hiki. Mmekuwa mkitembea na kiatu cha mtu mwingine. Ingeweza kuchomoka siku yoyote."

Rubani aliisikia ile sauti nje ya gari kwa mara ya kwanza, ikitoka mikononi mwa mtu. Akaikalia ngazi ya karakana.

Palikuwa na vyuma viwili vya kuchagua. Kimoja kilishuka inchi nane kamili, kipande kimoja, lakini mhuri wake ulisema uzito uliokaribiana mno na wa mzigo wao. Fundi akawaeleza kwamba chuma kinachoshuka sana hugeuka mkono mrefu, na mkono mrefu huchoka mapema. Chuma kile kile kikiwa kifupi kingebeba zaidi. Cha pili kilikuwa kinene, na kina matundu ya pini ya kupandisha na kushusha tufe, na kwenye tundu la inchi nane bado mhuri wake ulizidi mzigo wao kwa mbali. Kilikuwa kizito kiasi kwamba Rubani alikiinua kwa mikono miwili.

"Hiki cha pili," akasema.

"Kwa nini?" mama mkwe akauliza. Haikuwa kwa kumbishia. Alitaka kujua.

"Kwa sababu siku nyingine tutakuwa wazito kuliko leo."

Wakakifunga, wakatia tufe ya kipimo chake, minyororo ikapishana chini ya shingo. Rubani akatoka barabarani, akazunguka mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Mgongo ulikuwa unangoja kuvutwa, na hakuna kilichouvuta. Tela lilifuata nyuma kimya. Mama Turubai naye alikuwa anasikiliza. "Mbona kimya hivi?" akasema. "Umelisahau kule?" Ikabidi Rubani amwonyeshe kwenye kioo.

Jumapili ikafika. Mchana wote Rubani alijua kwamba pini moja tu ndiyo iliyokishikilia chuma kile. Angeichomoa, angekificha chini ya kitanda, baada ya simu angekirudisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Alitoka mara mbili mpaka nyuma ya gari, akaishika pini. Alifikiri juu ya Jumapili zilizobaki, kila moja na pini yake, akaiacha.

"Geuza simu nione," mumewe akasema. Akazunguka. Mlango uliobonyea. Ubavu. Nyuma.

"Hicho nini?"

"Ndicho kile nilichokwambia."

"Nilisema usiweke."

"Ulisema."

"Kitoe. Leo hii."

Rubani akaigeuza simu, uso wake uonekane. "Sikitoi," akasema. "Mama anapanda gari hili, na mimi napanda."

"Basi gari lisitoke hapo mpaka nirudi. Umesikia? Lisitoke."

Akakata. Rubani alibaki uani, simu mkononi, akitazama geti. Alikuwa akisubiri kitu kitokee. Hakikutokea. Mama mkwe, aliyekuwa kibarazani akisikia kila neno, alisema tu kwamba kesho wana shughuli ya ubarikio wa kanisani, vijana waambiwe wapakie mapema.

Kesho yake gari likatoka.

Juma lililofuata dada yake alipiga simu: ameteguka mguu, mtoto anatambaa, hana wa kumsaidia. Rubani hakumpigia mumewe. Alimwendea mama mkwe jikoni akamwambia anakwenda kwa dada yake, na gari, na atakaa kidogo. Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga, akaivua funguo ya geti shingoni pamoja na kamba yake. "Uangalie mteremko," akasema.

Alikaa kwa dada yake mpaka mguu ulipoweza kukanyaga. Alimbeba mtoto ambaye alimjua kwa picha tu. Nyumba ilikuwa na madirisha kila upande, na asubuhi ya kwanza mwanga ulimwamsha akadhani amechelewa kitu. Dada mtu alimwambia kwamba jirani ana karakana ya kushona maturubai na anatafuta mkono wa kazi. Rubani akaenda kuangalia. Akaketi kwenye cherehani, akapitisha mshono mmoja, ukanyooka. Yule jirani akasema hata kesho aje.

"Kaa," dada yake akamwambia. "Nani anakudai kule? Mume wako ni simu."

"Mama yuko peke yake."

"Ni mama yake yeye, si wako."

"Najua."

Alirudi. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomsumbua njia nzima. Barabara ilikuwa nyeupe, gari jepesi, na kila njia panda aliyoipita ilikuwa njia ambayo angeweza kuishika. Alijiambia ni kwa sababu ya nyonga za mama mkwe. Alijiambia ni kwa sababu gari si lake. Alipoona ukuta wa machimbo alikuwa ameishiwa sababu na bado anaendesha.

Mama Turubai alikuwa amekaa getini kwenye kiti cha kukodisha.

"Nilidhani hurudi," akasema.

"Hata mimi."

Mama mkwe akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ni ya haki. Kisha akasema kwamba wamepata kazi ng'ambo ya mto, mbali kweli, kazi ambayo zamani angeikataa. Lakini sasa tela limetulia, ameikubali, na nyingine mbili za huko huko. Rubani aliegesha gari mahali pake. Kabla ya kushuka alikaa kidogo, mikono kwenye usukani, ubavu wa nyumba umemkaribia kiooni.

Mumewe alipiga tena baada ya Jumapili tatu kupita. Hakuomba kuona gari, wala hakuomba kumwona mtu. Dereva naye akatafutwa. Walikuja wawili: wa kwanza Mama Turubai alimkataa kwa sababu anakanyaga breki kama anaua nge, wa pili kwa sababu hakumsaidia kushuka. Rubani aliondoa ile shuka kwenye cherehani, akaipaka mafuta, na jioni zisizo na kazi huibandika taa ukutani akashona viraka vya mahema. Mvua zikikatika atakwenda tena kwa dada yake, na safari hii amesema wazi kwamba atakwenda na cherehani.

Mama mkwe hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu kama siku ya safari watafunga tela la kuibebea cherehani.